Injini Iliyotetemeka Njia ya Salale

Wiki nzima hii, kila anayeleta mpunga kukoboa ananiuliza swali moja: ni kweli gari lilitengenezwa kwa udi? Nimejibu vipande vipande huku mashine ikipiga kelele, na kila mtu ameondoka na habari yake. Jana nimesikia kwamba gari langu lilikuwa na jini. Basi nimekaa na daftari langu niandike ilivyokuwa, kituo kwa kituo. Anayetaka ukweli ausome, na anayetaka jini aendelee naye.

Kwanza sababu ya safari. Marehemu kaka yangu Athumani aliacha binti mmoja, Siwema, anayeishi Salale kwa mama yake. Siwema alikuwa anaolewa Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, na mimi, baba yake mdogo, ndiye walii wake, mwenye haki ya kumwoza. Shehe wa kule alisema kwamba nikishindwa kufika ninaweza kumweka mtu wakili wangu kwa simu na ndoa ikawa sahihi. Siwema akanipigia mwenyewe.

"Baba mdogo, mimi ya simu siitaki. Njoo wewe."

Nikamwahidi. Sasa, Salale huendi kwa gari. Gari unaliacha Nyamisati, unapanda mashua, na mashua huondoka maji yakijaa. Jumamosi ile maji yalikuwa yanajaa saa nne asubuhi. Kujaa kwa pili kungekuwa usiku, na hapo Siwema angekuwa ameshaozwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mimi na mke wangu, Mama Zubeda, tuliondoka Mbwara Ijumaa asubuhi. Siku nzima ya akiba nilidhani ni nyingi.

Mbwara hadi Ikwiriri

Barabara ya udongo tuliipita vizuri. Lami tuliipata, daraja kubwa la mto tukalivuka, na Mama Zubeda akawa anahesabu zawadi zilizoko nyuma: kanga, mchele mpya, sufuria mbili. Injini ilikuwa kimya kama kawaida yake. Tulipofika kwenye matuta ya Ikwiriri nikaondoa mguu kwenye mafuta, na hapo gari likaanza kutetemeka. Usukani ulitetemeka, kioo cha pembeni kikatetemeka, na sufuria mbili za Siwema zikaanza kugongana huko nyuma.

Nikikanyaga mafuta, mtetemo unakwisha. Nikiachia, unarudi, na injini inataka kuzimika. Niliandika saa na mahali katika daftari, kisha nikaamua nisisimame mpaka Kibiti, ambako kuna fundi ninayemfahamu.

Lakini Ikwiriri kuna Mzee Mkumba, mjomba wa mke wangu, na Mzee Mkumba alikuwa amesimama katikati ya barabara ya mtaani, mikono miwili hewani. Huwezi kumpita mjomba wa mke wako. Nikasimama, mguu mmoja kwenye breki, mwingine ukichezea mafuta ili injini isizimike.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko Mbwara?"

"Hatujambo." Injini ikanguruma.

"Watoto?"

"Wazima." Ikanguruma tena.

"Na mpunga mwaka huu umekujaje?"

"Si mbaya, mjomba." Safari hii nilikanyaga zaidi, kwa sababu injini ilikuwa inakata roho kabisa.

Mzee Mkumba akarudi nyuma hatua moja. Akanitazama kama mtu anayetazama kijana asiyelelewa. "Kwani nakukawiza?"

"Si yeye, mjomba," Mama Zubeda akadakia. "Ni gari ndilo linaitikia."

"Basi lifundishe adabu. Mtu mzima akiuliza habari za mpunga hangurumiwi."

Ilibidi nizime, nishuke, nianze salamu upya kutoka mwanzo. Adhabu yetu ilikuwa kula. Tukaletewa wali wa nazi na samaki wa mtoni aliyekaangwa mkavu mpaka mifupa ikawa inatafunika, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla sahani haijaonekana chini. Sikulalamika. Nilipowasha tena gari lilikuwa limepoa kidogo, na kwa dakika kama tano halikutetemeka. Hilo nalo niliandika, ingawa sikujua maana yake.

Kibiti

Fundi Mbonde ni Mmatumbi wa milimani aliyeteremka Kibiti zamani na hakupanda tena. Kati yake na mimi kuna utani ambao haujapumzika hata siku moja. Alinisikia kabla hajaniona.

"Mndengereko! Umekuja na gari au umeburuta mashine yako ya kukoboa?"

"Mmatumbi ukiteremka mlimani, kila chenye magurudumu kinakushangaza," nikamjibu. "Sikiliza ugonjwa kwanza. Likienda, ni zima. Likisimama na injini inawaka, linatetemeka."

"Plagi."

"Hujafungua hata boneti."

"Mtu akiwa na mafua, daktari hampasui."

Mimi ufundi wa magari sikuusomea darasani. Niliufuata nyuma ya mashine ya kukoboa, kisha pampu za maji, kisha vitabu vilivyochakaa nilivyonunua kwa watu wasiojua wameshika nini. Nilichojifunza ni kitu kimoja: usibadilishe kifaa kabla hujakihoji. Nikamwomba Mbonde tuzihoji plagi.

"Leo Mndengereko kasoma kitabu," akawatangazia wateja waliokaa kwenye benchi. "Haya, mwalimu, tuelekeze."

Injini ile ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake inayoipa plagi moto. Ukichomoa waya wa koili moja huku injini inawaka, silinda ile inalala. Ikiwa ilikuwa mbovu tangu awali, kuilaza hakubadilishi kitu. Ikiwa nzima, mtetemo unaongezeka papo hapo. Mbonde akachomoa ya kwanza: mtetemo ukaongezeka. Akarudisha, akachomoa ya pili: ukaongezeka. Ya tatu na ya nne vilevile. Silinda zote nne zilikuwa zinafanya kazi yake.

"Plagi zimeshinda kesi," mzee mmoja kwenye benchi akasema.

"Basi ni nini?" Mbonde akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Hewa," nikasema. "Kuna mahali inaingia bila ruhusa. Injini ikienda taratibu inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hiyo ya wizi inaiharibia vipimo. Ikienda kasi inavuta nyingi, na ya wizi haionekani."

Tukaanza kuikagua mipira yote inayopeleka hewa, mmoja mmoja. Mbonde alishika ya upande wake, mimi nikashika ya upande wangu. Nikaandika: *Mipira: mizima.* Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana mimi nimelikumbuka sana tangu siku ile.

Adhana ya Ijumaa ikatukuta hapo. Mbonde akanawa mafuta kwa sabuni ya unga, na sote, pamoja na benchi zima, tukaenda msikitini. Baada ya swala kulikuwa na hitima ya jirani, na pilau. Kukataa pilau ya hitima ukiwa umesimama mlangoni pake ni jambo ambalo sijawahi kumwona mtu akilifaulu. Tuliporudi kwenye gari jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

"Mna haraka," Mbonde akasema. "Nakupandishia sailensi."

Sailensi ndiyo ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama na hukanyagi mafuta. Akaukaza waya wa mafuta kidogo, injini ikapanda sauti, na mtetemo ukapungua.

"Hujatibu ugonjwa," nikamwambia.

"Sijatibu. Nimempa mgonjwa fimbo. Nenda ukaoze mtoto, Mndengereko, na ukirudi niletee kamba wa Salale, wale wakubwa."

Mahege

Mahege tulichepuka kumchukua dada yangu, Dada Pili, shangazi wa bibi harusi, na kulala kwake. Fimbo ya Mbonde ilitufikisha mpaka uani kwake, haikuvuka hapo. Nilipoondoa mguu, injini ilizimika. Nikawasha, ikazimika. Mara tano. Dada Pili alitoka na mwiko mkononi akasimama kulitazama gari.

"Ndilo hili la kutupeleka?"

"Ndilo, dada."

"Salale au kwa Mola?"

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, tukalala. Kwa kweli wao walilala. Mimi nilikuwa nafikiria njia nyingine za kufika, na kila moja ilikuwa inaishia Nyamisati baada ya saa nne.

Asubuhi nilikuta Dada Pili keshaamua ugonjwa. Ni husuda. Tumepita Ikwiriri na Kibiti na gari limejaa zawadi, macho yamelitazama. Alikuwa ameandaa chetezo chenye makaa ya moto na ubani, anataka kulifukiza gari kuanzia boneti.

"Dada, pale pana petroli. Makaa hayaendi pale."

"Kwa hiyo petroli inaogopa dua?"

"Petroli inaogopa moto."

Akaingia ndani akinung'unika, akarudi na udi wa vijiti. "Huu hauna makaa. Au nao una kosa?"

Nikaona kubishana kunakula muda kuliko kufukiza. Nikakagua kwanza kama kuna mahali panavuja mafuta, nikanusa, pakawa pakavu. Mama Zubeda akakaa kwenye usukani kukanyaga mafuta kidogo kidogo ili injini isizimike, na Dada Pili akaanza kuizunguka boneti iliyo wazi, kijiti mkononi, midomo ikisoma. Mimi nilisimama kando nikitazama saa.

Hakukuwa na upepo hata chembe. Moshi wa udi ulipanda wima kama uzi. Dada akapita upande wa taa, ukapanda wima. Akapita juu ya betri, wima. Akapita karibu na mpira mwembamba ulio nyuma ya injini, na hapo moshi ukapinda. Ukalala kabisa, ukakimbilia kwenye mpira ule na kupotelea humo.

"Simama hapo hapo, dada!"

"Kijicho kimetoka?" akauliza kwa hofu.

"Kinaingia!"

Nikaupapasa mpira, nikahisi mdomo mdogo unaonyonya ngozi yangu. Nikauziba kwa kidole gumba. Nikamwambia Mama Zubeda aondoe mguu, na injini ikabaki inawaka, imetulia. Nikatoa kidole: ikaanza kutetemeka na kutaka kuzimika. Nikaziba: ikatulia. Nilifanya hivyo mara tatu, si kwa shaka, kwa furaha. Dada Pili alipiga kigelegele ambacho nadhani Bungu walikisikia.

Sasa lazima nirudi nyuma siku tano, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Mpira ule nilikuwa naujua. Jumatatu iliyotangulia, nikilisafisha gari pumba za mpunga, niliuona una ufa. Mpira mpya sikuwa nao. Baba yetu marehemu alikuwa fundi wa kuziba mashua huko delta, na mimi mkono wangu ukafanya alichokuwa akifanya yeye: nikachukua pamba, nikaichovya mafuta ya nazi, nikaisokota, nikaishindilia kwenye ufa kwa ncha ya kisu. Kalafati safi kabisa. Nikaendesha mpaka dukani na kurudi, gari likawa zuri. Ndiyo maana Kibiti niliandika kwamba mipira ni mizima. Nilivihoji vyote isipokuwa kazi ya mkono wangu mwenyewe.

Nilipomweleza Dada Pili, aliukamata ufa kwa kucha mbili akavuta kipande cha pamba kilichokauka kama utambi wa taa ya chemli. Nusu nyingine ilikwisha vutwa ndani na injini.

"Wewe!" akasema. "Nani alikuwa anamsokotea baba pamba, mimi au wewe?"

"Wewe, dada."

"Kalafati inakaza kwa kulowa. Mbao zinavimba, pamba inavimba, vinabanana. Humu ndani ya injini kuna bahari?"

"Hakuna."

"Kuna nini?"

"Joto."

"Joto likiikuta pamba?"

"Inanyauka."

"Baba angekuchapa kwa nyundo ile ile ya kalafati, na ndevu zako hizo."

Basi kila nilichokiandika kikapata maana. Gari likiwa baridi, pamba ilikuwa imejaa ufa. Likipata moto, pamba inasinyaa na hewa inapita. Lilipopoa kidogo Ikwiriri lilikuwa tulivu kidogo; Mahege, nusu ya pamba ikiwa imeshavutwa ndani, hata baridi ya asubuhi haikusaidia. Daftari lilikuwa limenieleza tangu wali na samaki.

Dada alikata ukanda mrefu kwenye mpira wa ndani wa baiskeli yake iliyokufa. Nikaufuta mpira mafuta ya nazi mpaka ukakauka, nikauviringisha ule ukanda juu ya ufa, nikiuvuta kwa nguvu kila mzunguko, kisha nikafunga. Nikaulegeza waya wa Mbonde nikaurudisha pale ulipokuwa. Tukawasha. Sufuria za Siwema hazikusema kitu.

Ilikuwa saa mbili kasorobo.

Bungu hadi Nyamisati

Bungu hatukusimama. Tuliiacha lami tukaingia njia ya Nyamisati, na mbele kidogo tukakuta njia imejaa nazi. Pikipiki ilikuwa imelala pembeni, magunia yamepasuka, na mwenyewe amekaa chini akizitazama nazi kama mwenye kondoo waliotawanyika. Hakuwa ameumia. Kupita juu ya nazi za mtu haikuwezekana, na pembeni palikuwa na tope. Tukashuka sote watatu kuokota. Mama Zubeda alikuwa na vazi la harusi, akalipandisha mpaka magotini.

"Mnakwenda wapi na marashi yote haya?" yule wa pikipiki akauliza, akikinga gunia.

"Kuoza. Tunaiwahi mashua."

"Ya saa nne? Basi mbona mnaokota? Zirushieni pembeni nyie, mtoto wa watu anasubiri!"

Tukawa tunarusha, yeye akicheka na kutulaumu kwamba tunarusha kama Waswahili wa mjini. Tulipoondoka alituingizia nazi nne dirishani, akakataa kusikia neno.

Nyamisati tulifika mashua ikiwa imekwisha elea. Nahodha alikuwa amesimama nyuma na mti mrefu, anaisukuma itoke kwenye matope. Nililiacha gari kwa mwenye duka la kuuza vocha, mke wangu akakimbia na kanga, mimi na sufuria kichwani, na Dada Pili nyuma akipiga kelele zilizotosha kusimamisha meli.

"Nahodha! Mwenye harusi huyu! Ukiondoka bila yeye hakuna ndoa!"

"Bibi, maji hayajui harusi!" nahodha akajibu. Lakini aliuchomeka mti tena kwenye matope na kuushikilia. Abiria walituvuta mmoja mmoja kwa mikono. Dada Pili alivutwa na wanne.

"Walii gani anakuja mbio na sufuria kichwani?" mama mmoja akauliza, na mashua nzima ikacheka.

"Aliyechelewa," nikasema.

Mashua hadi Salale

Mashua ile ina injini ya zamani ya dizeli, na mimi nilikaa karibu nayo, tabia haifi. Ilikuwa inapiga sawasawa. Mfereji ulipinda na kupinda katikati ya mikoko, mizizi imesimama majini kama vidole, na kila tulipopita kijiji mtu mmoja alishuka na mzigo mmoja na habari yetu. Yule mama wa sufuria alifungua kikapu chake akatugawia vitumbua na kamba waliokaangwa kwa chumvi na ndimu. Kufika kituo cha tatu, abiria wote walikuwa wanajua mkasa wa kalafati, kwa sababu Dada Pili alikuwa anausimulia kwa mikono miwili. Nahodha alicheka mpaka akauachia usukani.

"Mzee," akaniambia, "mimi mashua yangu ikivuja nitakuita. Gari langu likivuja nitamwita dada yako."

Salale tulisikia ngoma kabla hatujaona nyumba. Swala ilikuwa imekwisha kuswaliwa. Chini ya turubai shehe alikuwa amekaa na bwana harusi, kijana mvuvi wa kamba, amevaa kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani. Mjomba wa Siwema alikuwa amesogezwa karibu awe wakili wangu. Aliponiona alisimama na kuniachia nafasi kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Binti kamkatalia hata huyu," shehe akasema. "Anasema atamjibu baba mdogo tu. Nenda kamuulize, watu wana njaa."

Nikaongozwa chumbani. Kina mama walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Siwema amekaa juu ya mkeka, amefunikwa ushungi, hata macho hayaonekani. Nikachuchumaa mbele yake, nikamtajia jina la mume na mahari waliyokubaliana, nikamuuliza kama ameridhia niende nikamwoze.

Kimya.

Kwa desturi kimya cha mwari kinatosha, lakini mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikauliza mara ya pili. Kimya. Kina mama wakaanza kutazamana. Dada Pili akanikanyaga mguu. Nikauliza mara ya tatu, na moyo wangu sasa haukuwa na furaha, nikijiuliza kama mtoto analazimishwa na hakuna aliyeniambia. Nikaona ushungi unatikisika.

"Siwema, mwanangu, unalia?"

"Silii." Alikuwa anacheka, na analia pia. "Nimeridhia tangu ile ya kwanza. Lakini kwenye simu sauti yako ni ya baba mdogo. Hapa karibu ni ya marehemu baba. Niulize tena."

Huko nje shehe akakohoa. Nikamuuliza mara ya nne, taratibu, neno kwa neno.